Mwizi wa Ijumaa Hakamatwi Tena

Nyar Rodi,

Usiniulize hali, maana nitakujibu vibaya. Wewe umelala hapo nyuma ya nyumba ya mume wako, umerundikiwa maua ya plastiki, yale yale uliyokuwa ukiyacheka kwenye makaburi ya wenzako.

Nimekukasirikia, nianze na hilo. Kifua kilikusumbua msimu mzima wa mvua. Nikakuambia nenda hospitali. Ukanijibu, "Jaduong', mzee wangu, nitaenda shule zikifungwa." Zilifungwa ukiwa tayari mochari.

Na siku ya mazishi, wale waliokuwa wakiita darasa lako darasa la kuchezea mchanga walishika maikrofoni mmoja baada ya mwingine, wakalia, wakakuita nguzo. Nyama yao nilikula, mimi si mjinga. Makofi sikupiga.

Unakumbuka ulivyonijia? Wanawake wengine wa hapa Macalder wakinipita husalimia haraka na kushika mikoba. Wewe uliketi kabisa, ukaniambia, "Nimesikia hakuna mzee mjanja kukushinda. Njoo uwaibie watoto wangu."

Watoto wenyewe walikuwa wachache, kwa sababu shimo likiisha dhahabu familia huhama. Watu waliona aibu, shule gani hii ya vitoto vya kuhesabika. Wewe ulifurahi. Ulisema wakiwa wachache hivyo kila mmoja atapata kushika mkebe wa kupimia kwa mkono wake mwenyewe, hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake. Basi kila Ijumaa nikawa mwenye duka. Mchanga ndio mahindi, vifuniko vya soda ndiyo pesa, na mimi na gorogoro langu, ule mkebe wa kupimia nafaka, nililoligonga kitako kikaingia ndani, kama wanavyofanya sokoni. Kazi yao ilikuwa kunikamata, kisha kupima upya na kuandika nimewaibia kiasi gani.

Adhiambo, yule ambaye hata jina lake alikuwa akilisemea kwenye kola, ndiye wa kwanza. Aliingiza mkono ndani ya mkebe, akapapasa chini, akaniangalia usoni. "Kwara, babu, umeigonga hii. Wewe ni mwizi." Darasa lote likanifukuza mpaka nyuma ya choo. Magoti haya yaliuma wiki nzima, na wewe ukacheka mpaka ukashika ukuta.

Sasa mahali pako wametuletea mwalimu kijana mwenye adabu nyingi mno. Ijumaa yake ya kwanza nilienda na gorogoro langu kama kawaida. Adhiambo akapapasa, akasema lile neno. Mwalimu akampigisha magoti. "Unamwita mzee kama babu yako mwizi? Omba msamaha."

Nikamwambia, "Mwalimu, mimi ni mwizi kweli. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa."

Akadhani namhurumia mtoto. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mzee, una roho safi." Tangu nizaliwe sijatukanwa hivyo. Jioni ile duka likavunjwa, mchanga ukamwagwa njiani.

Ijumaa iliyofuata nilirudi, eti kuwasalimia. Nikaomba niwapimie mara moja tu, kwa kumbukumbu yako. Nilipima nusu, Nyar Rodi, nusu ya wazi, kipofu angeiona. Wakapokea mmoja mmoja. "Asante, Kwara." Na Adhiambo naye. "Asante, Kwara."

Nilienda nyumbani nikampiga teke kuku wa mke wangu.

Maana wewe unajua mama yake Adhiambo humtuma nani kupeleka vumbi la dhahabu kwa wanunuzi. Ni yeye. Na wale wana mizani, na wanajua pa kuegemeza kidole. Naye atasema asante.

Jana alinikuta barabarani. Aliangalia nyuma kwanza, halafu akaninong'oneza, "Kwara, siku ile ulipima nusu." Nikamuuliza mbona hakusema. "Mwalimu angesikia."

Anaona, basi. Macho ulimwachia. Kijana wa adabu amechukua mdomo tu.

Kwa hiyo sikiliza. Jumatatu kuna mkutano wa wazazi. Nitasimama mbele yao wote, mbele ya mwalimu na chifu, niseme mimi ni mwizi wa darasa, niliajiriwa na marehemu, na ninataka kila mzazi ampe mtoto wake ruhusa, kwa mdomo wake, ya kuniita hivyo. Mke wangu anasema nitaaibisha ukoo. Ukoo utazoea. Wakikataa, nitaweka duka langu nje ya geti, na wataliona kila asubuhi.

Pumzika, binti yangu. Bado nimekukasirikia, lakini pumzika. Nakuahidi nitawaibia watoto wako bila huruma, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka yule msichana anikamate kwa sauti kubwa, mwalimu akiwa amesimama hapo hapo.

Ni mimi,
mwizi wako