Kikopo cha Krimu cha Mama Yako

Kipusa,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Mlango wa nyuma komeo lake halishiki, lisukume kwa goti. ~~Usinisubiri kula.~~ Nisubiri, nitarudi.

Asubuhi nimekupigia kelele mpaka jirani akachungulia, na kosa huna. Manispaa ndio waliotangaza makopo ya vipodozi yapelekwe yakiwa safi, eti yakatengenezwe upya. Ukaosha yote, na kile cha krimu cha marehemu mama yako. Mle ndani kulikuwa na alama ya kidole chake, pale alipochota mara ya mwisho. Nilikuwa nakifungua kila siku kabla hujaamka. Ungejuaje? Sijawahi kukwambia.

Basi kwa hasira nikalibeba gunia la makopo mwenyewe, nacho kimo, hadi kwenye pipa lao jipya. Gari likaja, wakayamwaga makopo pamoja na maganda na nepi. Nikamuuliza msimamizi, "Sasa kuyaosha kulikuwa kwa nini?" Akacheka. "Mzee, pipa hilo ni la wakubwa kupigia picha."

Wakubwa! Wao wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, mke wangu anafutwa kwa maji ya moto.

Nimekwenda dampo kukitafuta. Najua ni kitupu, lakini hakitalala na nepi.

Kifuniko hukukiona, kilianguka nyuma ya beseni. Kina krimu kidogo pembeni, na harufu yake. Nimekifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa, kabatini kwangu. Ukimkumbuka, kifungue unuse.

Usikioshe.

Baba yako