Barua Zenye Heshima

4 Februari

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi sijambo. Mwanangu amehamia hapa kunitunza. Simu anaishika yeye, kwa hiyo tuandikiane. Usijisumbue kuja.

Dada yako

20 Februari

Mdomo Cherehani,

Hujambo? Magoti yangu yanalia kama bawaba kavu, lakini nadunda. Huyo “mdogo wangu mpendwa” ndiye nani? Tangu shule unaniita Miguu Njiti. Hata kwenye mazishi ya mume wangu uliniita hivyo, waombolezaji wakatukodolea macho. Kama umeninunia kwa sababu nilisema lile gauni ulilonishonea linabana, sema.

Mdogo wako, Miguu Njiti

11 Machi

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Natumaini u mzima wa afya. Sijakununia. Nakuheshimu sana. Mwanangu anakusalimu. Usije.

Dada yako

7 Mei

Miguu Njiti,

Hujambo, mzembe wangu? Mimi sijambo, na safari hii niamini. Nakuandikia kutoka ile nyumba ya wazee waliotendewa ukatili, uliyoipigia simu.

Ofisa wa ustawi wa jamii alikuja na askari wa kike, akataka kuongea nami peke yangu. Mwanangu akasema mama siku hizi anachanganyikiwa. Ofisa akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia ni Jumanne, na pindo la sketi yake limeshonwa na mtu mwenye haraka. Akamwomba mwanangu asubiri nje.

Nikamweleza yote: kufungiwa chumbani, makofi, mkono alioupindisha, barua anazozisoma kabla hazijatumwa. Niliandika kwa heshima makusudi, nikijua utashtuka. Sikujua utanuna wiki saba.

Hapa kuna daktari, kuna mshauri kila Alhamisi, na ufunguo wa chumba changu naushika mwenyewe. Siku ya kwanza nilifunga na kufungua mpaka mzee wa chumba cha pili akauliza kama kitasa ni kibovu. Mshauri aliniuliza nataka nini. Nikasema nataka nyumba yangu, bila mwanangu ndani. Anasema inawezekana, ila niyaseme haya mbele ya hakimu, tarehe kumi na moja Juni, na mwanangu akiwa amekaa palepale. Nimemzaa mwenyewe. Sijui kama mdomo utafunguka.

Dada yako, Mdomo Cherehani

16 Mei

Mdomo Cherehani,

Pole, dada. Mkono unaendeleaje? Nilinuna kweli. Nilishinda nikiwaambia watu umeanza maringo. Kisha jirani yangu, muuguzi mstaafu, akauliza: “Huwa anakukataza kwenda kwake?” Nikaiacha sufuria ikaungua, nikapiga simu.

Habari mbaya: goti langu linapasuliwa tarehe kumi, kwa hiyo mahakamani sitakuwepo. Nenda na barua hii. Ukikwama, soma hapo chini, baada ya jina langu.

Mdogo wako, Miguu Njiti

Wewe uliyekata suruali ya mwalimu mkuu ikatoka na miguu mitatu, ukabishana naye saa nzima kwamba ndiyo mtindo, leo unamwogopa nani?

20 Juni

Miguu Njiti,

Goti linasemaje? Sasa utatembea kama njiti moja na nusu.

Nilikwama. Hakimu aliniita mara mbili, nami namtazama mwanangu tu, ameinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya utotoni. Nikafungua barua yako, nikacheka kwa sauti. Hakimu akauliza kuna nini. Nikamwomba radhi, nikaanza. Nilisema mpaka karani akaomba nipunguze kasi, mkono wake umechoka.

Hakimu ameamuru ahame na asinikaribie. Nasikia amepatiwa mshauri wake. Namwombea mema, akiwa hukohuko.

Jana nimerudi nyumbani. Ofisa alikuja na fundi wa vitasa, na atapita kila wiki kunijulia hali. Jumamosi ijayo narudi kule kituoni kufundisha kushona. Mzee wa chumba cha pili ameshachagua kitambaa, na ni kibaya.

Ndani ya bahasha kuna ufunguo wa mlango wangu mpya. Mwingine ninao mimi, wa tatu haupo. Siku nyingine nikikuandikia kwa heshima, usinune. Njoo, ufungue.

Dada yako, Mdomo Cherehani