Kongosho la Baba

Jumapili. Mvua imenyesha hapa Kimumu tangu tulipotoka kanisani na chumba kimekuwa baridi. Chebet, ninayeishi naye, ameenda kwao Cheptiret. Nimepika chai ya watu wawili kwa mazoea, na nimeinywa yote peke yangu.

Niko mpweke leo. Sina namna nyingine ya kulisema.

Wiki iliyopita nilifanya mtihani wa mdomo wa anatomia, mwaka wa pili huu wa udaktari. Niliulizwa kongosho, nami sikubakisha kitu. Nilisema limelala nyuma ya tumbo, kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba, mkia wake unafika kwenye wengu. Mwili na mkia hupata damu kutoka kwa ateri ya wengu, inayopita juu yake ikijipindapinda. Kichwa hulishwa na ateri kutoka juu na nyingine kutoka chini, zinazokutana, na hizo hizo hulisha utumbo. Ndiyo maana mpasuaji hawezi kukitoa kichwa na kuuacha utumbo huo. Nyuma ya shingo ya kongosho hupita mishipa mikubwa ya utumbo. Mwalimu alisema vizuri sana, nami nikarudi nyumbani nikijiona profesa.

Alhamisi baba alilazwa hospitali ya hapa mjini, macho yakiwa ya manjano kabisa.

Ijumaa daktari alisimama kando ya kitanda akaeleza kwa Kiingereza, akiniangalia mimi, kwa sababu mama alikuwa ameshatangazia wodi nzima kwamba binti yake ni daktari. Uvimbe uko kwenye kichwa cha kongosho. Umeizingira ile ateri kubwa ya utumbo, na umeshafika kwenye ini. Hawatapasua. Wataweka mrija ili nyongo ipite na mwasho wa ngozi upungue, basi.

Kisha akatuuliza kwa Kiswahili kama tuna swali.

"Hapana, daktari," mama akamjibu. "Tuko na wetu."

Kwetu Turbo ndivyo ilivyo. Tangu niingie chuo, hospitali wanaenda lakini hawaulizi kitu. Wanachukua dawa, halafu wananipigia simu mimi. Nami nilikuwa nalipenda sana jambo hilo, nisiseme uongo.

Baba huniita mama, maana nilipewa jina la mama yake. Daktari alipoondoka akaniuliza, "Sasa mama, watanipasua lini?"

Nikasema wanaangalia kwanza.

"Waambie wangoje nivune mahindi," akasema.

Tangu hapo kila mtu anapanga mambo ya upasuaji. Leo mchana mama amenipigia simu kutoka Turbo kuniambia kanisa zima limeombea mikono ya mpasuaji. Nikaitikia amina. Amina! Nimekata simu nikakaa kitandani na viatu vyangu vya kanisani, nikijichukia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeficha ya baba yangu, mbele ya macho yake, na anaendelea kuniamini.

Kinachoniumiza ni kwamba sina wa kumwuliza. Nyumbani wa kuulizwa ni mimi. Chuoni nikisema, nitaelezwa ateri, na ateri nazijua. Chebet angenisikiliza, lakini nimeshika simu mara nyingi na kila mara nimeirudisha kitandani.

Nimeamua hivi. Kesho asubuhi nitamtafuta yule daktari kabla hajaanza kuzungukia wagonjwa. Nitamwambia ukweli: sikuwaeleza. Nitamwomba arudi pale kitandani, aseme yote tena kwa Kiswahili, polepole, akimwangalia baba na mama. Mama atanikasirikia, najua. Atauliza nilisomea nini.

Na aulize. Mimi nitakaa upande wa baba, nimshike mkono. Mtu mwingine aseme hayo maneno, nami nipate nafasi ya kulia.