Wazazi Wangu ni Wanawake Wawili, na Chuo Kikuu Kinataka Mhadhara

Mpendwa Mama Magdaline,

Naomba unisaidie kabla sijaharibu kazi au jamaa, maana naona moja litaharibika tu. Mimi ni mwanamke wa Othaya, nimesomea elimu ya jamii hadi nikapata udaktari, na kwa sasa nafundisha kwenye chuo cha ualimu. Tangu ule mkutano mkubwa wa wanawake ufanyike Nairobi mwaka huu kila mtu anataka kujua habari za wanawake, na chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja kimetangaza nafasi ya profesa wa elimu ya jamii, atakayefundisha jinsi jamii inavyogawa kazi, mali na heshima kati ya wanaume na wanawake, nami nikaomba, wakaniita, nikakaa mbele ya safu ya wanaume nikamwaga yote niliyosoma ng'ambo, mpaka mzee mwenyekiti akavua miwani akaniambia, "Daktari, hayo yako maktaba. Wewe mwenyewe unajua nini?"

Nikakusanya karatasi zangu, Mama, kwa sababu ninachojua ni cha nyumbani. Nimelelewa na wanawake wawili, nitawaita Watiri na Ngendo ingawa hayo si majina yao, wote wako hai na mpaka leo wanachuma majani chai pamoja. Watiri aliolewa na mzee akafiwa naye kabla ya kupata mtoto, shamba likabaki bila wa kuendeleza jina, basi akafanya kama mila yetu ilivyoruhusu, akapeleka mbuzi za mahari kwa kina Ngendo akamwoa. Ndiyo, alimwoa, hakumwajiri. Sisi watoto tukazaliwa na Ngendo kwa jina la marehemu ambaye hatukumwona, kaka yangu akapewa jina la baba wa marehemu huyo na mimi la mama yake, na siku ya mahari yangu ni Watiri aliyeketi na wazee kupokea mbuzi, Ngendo akiwa jikoni na akina mama, wala hakuna aliyeshangaa.

Sasa wameniita tena, safari hii nitoe mhadhara mbele ya walimu wote wa chuo, nami natamani sana kusimama pale niulize mume hasa ni nani, ni mwili au ni kazi anayofanya, na nyumba yetu iwe mfano. Kwa heshima nikaenda kwanza Karatina kwa kaka yangu, ana duka la vifaa vya ujenzi na ni mzee wa kanisa, nikamwomba ruhusa. Akaweka kikombe chini. "Ukisema hiyo maneno mbele ya watu, wataanza kuuliza baba yetu ni nani," akasema. "Mimi niko na kanisa, niko na watoto. Ukisema, usikanyage kwangu tena."

Kaka huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikienda shule, siwezi kumpoteza. Mume wangu anasema nitafute mada nyingine, rafiki yangu kazini anasema nikinyamaza nafasi itachukuliwa na mtu anayewajua wanawake kwa kusoma tu, na mchungaji nilipomdokezea alikohoa akaniuliza habari za mvua. Niseme nipate kazi, au ninyamaze nibaki na kaka?

Aliyekwama, Othaya

MAMA MAGDALINE ANAJIBU:

Aliyekwama, pole. Kufungiwa mlango na aliyekubeba mgongoni kunauma, na sitakuambia hakuumi. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama mshauri na mara ya pili kwa udadisi wangu tu, maana hata mimi wa Nyeri nilisikia habari za ndoa hizo kwa shangazi na sikuwahi kuuliza zaidi.

Ila lazima nikugombeze. Umemwuliza kaka, mume, rafiki, mchungaji, na sasa umeniuliza mimi, tena gazetini. Nimetafuta katika barua yako mahali ulipowauliza Watiri na Ngendo, sikupaona. Daktari mzima wa mambo ya wanawake, unaomba ruhusa ya kusimulia maisha ya wanawake wawili kwa mwanamume anayeuza misumari! Siri ya mtungi aijuaye kata, mwanangu. Hao wa jopo wakijua ulivyofanya watakunyima kazi, na mimi nitawaunga mkono.

Kaka yako usimdharau. Anaogopa swali moja, ni mwanamume gani alipita pale nyumbani. Swali hilo si la chuo wala si la kanisa, na hulihitaji katika mhadhara wako. Mwahidi hivyo kwa kinywa chako.

Lakini kwanza, Jumamosi hii, nenda kwa mama zako. Beba sukari na mkate, acha kalamu kwako. Ingia jikoni uwasaidie kumenya viazi, kisha uwaambie wazi unataka kusema nini na mbele ya nani. Wakikataa, ni hivyo, funga mdomo ukatafute mada nyingine, na usinung'unike. Wakikubali, waulize wanataka waitwe nani mbele za watu, halafu wao wenyewe wamwite kaka yako wamwambie. Mzee wa kanisa anaweza kumfungia dada mlango. Kumfungia yule aliyetoa mbuzi ili yeye azaliwe ni jambo jingine.

Na mkishakunywa chai, niulizie jambo moja ambalo wewe hukuliandika, na nadhani hulijui: siku zile mbuzi zinapelekwa, kuna mtu alimwuliza Ngendo kama anataka? Yule mzee wa miwani alikuuliza unajua nini. Kabla ya Jumamosi, jibu la kweli ni kwamba bado hujui.