Daftari la Kereng'ende Wawili

Jumatatu, 3 Februari 2025
Chamsudine kaiba daftari langu! Miaka miwili tunahesabu wadudu pamoja kwenye kidimbwi cha kijiji chetu, Nhica, na leo jirani yetu Raimundo kaniambia alimwona akilinakili, ukurasa kwa ukurasa. Wiki ijayo ni mkutano wa Palma. Atakayeeleza vizuri, dotora Elisa, mtaalamu wa wadudu anayetusimamia, atampeleka Pemba kusoma. Nafasi moja tu. Atanitambua!

Jumatano, 5 Februari
Nimecheka peke yangu. Kumbe kachukua daftari la kwanza! Lile la ujinga wangu: "Kereng'ende aina mbili — mwekundu na wa manjano." Kijijini wote husema hivyo, hata mama. Wakati ni aina moja tu, dume na jike wake. Nakili, kaka, nakili!

Jumapili, 9 Februari
Kidimbwini tangu asubuhi. Maji yametulia, matete yamejaa. Dume mwekundu kichwa hadi mkia, doa la kahawia kwenye mashina ya mbawa. Anakaa kwenye tete lilelile, dume mwingine akija anamtimua. Akatokea jike, manjano. Dume akamkamata shingoni kwa ncha ya mkia, jike akajikunja, wakawa duara hewani — sekunde chache tu! Kisha jike akawa anagusagusa maji, anataga, na dume juu yake analinda.

Nimechukua video. Hakuna wa kuiona mpaka Chamsudine aumbuke. Jioni kaniuliza kama aina ya manjano nayo hutaga palepale. Nikamwambia ndiyo, kaka, andika tu.

Alhamisi, 13 Februari. Palma
Mapumziko ya chai. Baada ya chai ni zamu ya Chamsudine. Wageni wawili wa Maputo, wataalamu, hawacheki hata kidogo. Nimekaa mbele makusudi, niuone uso wake.

Kaja na kompyuta. "Dada Dalila, hebu tazama, jina lako nimeliandika sawa?" Nikatazama. Langu juu, herufi kubwa. Lake chini, dogo. Halafu: AINA MBILI. Anasema alijua nisingethubutu kusimama mbele za watu, ndiyo maana akalichukua daftari bila kuomba. Keshamwambia dotora nafasi ni yangu.

Mshenzi! Hata wema wake ni wizi.

Video ninayo kwenye simu. Nimwambie? Nikimwambia, atajua nilimwacha akosee makusudi. Wageni wanaingia. Dotora anasoma jina la kwanza — langu — wanapiga makofi, na Chamsudine ananivutia kiti pale mbele, anatabasamu, ananiita nikaeleze.