Kanga Nilizovuka Nazo Jangwa

Mjukuu wangu Zawadi,

Salamu kutoka Alby, hapa Stockholm. Hatujambo, ila mjomba wako anaota meno na hanipi usingizi. Usicheke. Anayenyonya ni mjomba wako, na mimi, mdogo wa mwisho wa bibi yako, ni bibi vilevile, kwa hiyo nisikilize.

Unauliza kama uache chuo cha Njombe kwa kuogopa baridi na ugeni. Kaka yangu alipooa Namibia, nilivuka jangwa kwa basi kwenda Swakopmund, mji wa pwani. Nilibeba kanga tupu, maana sisi wa Tanga tunajua pwani ni joto. Mama niliyekaa naye kwenye basi alivaa koti juani, nikamcheka kimoyomoyo. Tukashuka kwenye ukungu, nikatetemeka. Akanifunika nusu ya koti.

"Karibu pwani, dada!"

Nikamwuliza mbona nyumba za Wajerumani wa zamani zina mapaa yaliyochongoka vile.

"Ya kuteremsha theluji."

"Huku kuna theluji?"

"Theluji? Hata mvua hatuioni!"

Tukacheka sana. Kumbe hata Wajerumani walikuja na ya kwao.

Kwa hiyo nenda, Zawadi. Utakosea mzigo, na utafunikwa. Sweta nimekufumia. Ukiona mkono mmoja mrefu, ujue mjomba wako alikuwa analia.

Bibi yako mdogo,
Rehema