Umekaa Safu ya Ngapi?

Erie, 9 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa kuomba radhi, maana tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari mmoja, nami najua wewe ni mtu wa kuingojea barua mlangoni. Kazi imenibana, sababu nyingine ya maana sina. Mimi ni mzima. Wewe je, kifua kinasemaje? Na Mzee Fedor, mwenzako wa chumbani, bado anakoroma kama msumeno?

Habari kubwa ya huku ni Kipanga. Ndilo jina walilolipa ile rola kosta mpya ya chuma, treni ya mchezo ya kupanda na kuporomoka, katika bustani ya michezo kando ya ziwa. Imefunguliwa, na chama chetu kizima cha wapanda rola kosta kilikwenda siku ya kwanza. Reli zake ni nyekundu, nguzo nyeupe, na kilima cha kwanza ni kirefu kama mnara wa kanisa letu uliopandishwa juu ya mnara mwingine. Kipanga hana mnyororo wa kukwaruza kama zile za zamani. Treni inavutwa kwa kamba ya waya, kimyakimya, hata unasikia ndege wa ziwani. Mwenzetu Bernadette Yost alilia foleni nzima, kisha akacheka njia nzima. Baadaye tulikula viazi vya kukaanga kwa siki, tukabishana mpaka bustani inafungwa kuhusu zile breki za kupunguza mwendo katikati ya njia. Ungekuwepo ungesema breki hizo ni dhambi.

Ndani ya bahasha nimekuwekea kadi yenye picha yake. Ibandike juu ya kitanda.

Binti yako,
Milka

Johnstown, 14 Juni

Binti yangu Milka,

Marahaba. Barua imefika na radhi umepewa, ingawa "kazi imenibana" ni maneno ya watu wasiotaka kuulizwa zaidi. Kifua kinakwenda. Mara mojamoja kinasimama kidogo kama mtu anayefikiri, kisha kinaendelea.

Maisha ya makao haya ya wazee unayajua. Mlango wa mbele una namba za kubonyeza, na namba zenyewe hubadilishwa kila mmoja wetu anapozigundua. Dirisha langu linatazama ukuta wa jiko. Tangu kaka yako Anton auze gari langu, safari yangu ndefu ni ya kutoka kitandani hadi chumba cha kulia. Simu ya hapa inasikika kama mtu anayezungumza chini ya maji. Kwa hiyo usinipunje. Barua zako ndizo reli zilizonibakia.

Nilimsomea Fedor habari za Kipanga. Akasema, "Mtu mzima na akili zake analipa pesa ili atapike?"

Nikamwambia, "Wewe ulilipa pesa ukaoa mara tatu."

Akageukia ukutani mpaka wakati wa chai.

Kadi nimeibandika. Lakini umesahau jambo. Umeniandikia rangi ya nguzo, umeniandikia machozi ya Bernadette, hukuniandikia ulikaa safu ya ngapi. Katika nyumba yetu hilo ndilo hutangulia, kabla hata ya salamu. Mama yako, Mungu amrehemu, hakupanda hata moja maishani mwake; kazi yake ilikuwa kusimama chini na kutushikia kofia na miwani. Hata yeye, tulipokuwa tukishuka, swali lake lilikuwa hilohilo: safu ya ngapi?

Nijibu.

Baba yako

Erie, 2 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na Mzee Fedor amekusamehe. Sisi huku hatujambo, joto tu.

Kweli nilisahau. Nilikaa safu ya mbele kabisa, kushoto. Tulipofika kileleni kamba ikatuachia, tukang'olewa vitini palepale. Makalio yalikuwa hewani tangu juu hadi chini, na kama si kile chuma cha mapajani ningeokotwa ziwani. Hakika ulikosa.

Naandika kwa haraka, watu wananingoja.

Binti yako,
Milka

Johnstown, 7 Julai

Milka,

Marahaba. Mimi ni mzima na nguvu ninazo, za kutosha kusoma barua mara mbili.

Mtu wa safu ya mbele hang'olewi kileleni. Anatangulia kuvuka ukingo, kisha ananing'inia pale akitazama chini, akiyangoja mabehewa ya nyuma ambayo bado yanapanda. Anayenyakuliwa ni wa nyuma, kwa sababu wenzake wa mbele wameshaanza kuanguka nao wanamvuta. Jambo hili nilikufundisha ukiwa mtoto, mezani, kwa uma na vipande vya soseji, na mama yako akatugombeza kwa kuchafua kitambaa.

Kwa hiyo aliyekusimulia alikaa nyuma. Wewe hukukaa popote.

Sikukasirika. Nimefundisha shule miaka mingi, nami najua kwamba mtoto hodari akitoa jibu la kunakili, kosa si uvivu. Nataka kujua ni nini.

Habari nyingine si njema. Anton ameniletea gazeti. Bustani ya Glenmoor imeuzwa, na Nyumbu wetu atavunjwa. Siku yake ya mwisho ni Jumapili ya mwisho ya Septemba. Kila ubao wa rola kosta ile naujua. Babu yako, aliyeendesha nyumbu wa kuvuta makaa mgodini, alikuwa akisema jina limemfaa: anapanda kwa kununa, kisha anakupiga teke. Watajenga maghala.

Andika.

Baba yako

Erie, 19 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba usinihukumu kwa wiki hizi zote. Barua yako ilikuwa mkobani mwangu, naitoa, naisoma, nairudisha. Afya ninayo, kwa maana ya kwamba nakula na kulala. Wewe nakuombea kila siku.

Unakumbuka Oktoba iliyopita, siku ya chama kufunga msimu, treni ya ile rola kosta ya zamani ya huku ziwani iliposimama katikati ya mlima nami nikiwa ndani? Nilikuja nikakusimulia. Sikukusimulia yote.

Kile chuma cha mapajani kilikuwa kimejifunga, na umeme ulipokatika hakikufunguka. Mwanzoni jamaa wa mbele yangu alikuwa akituchekesha. "Tulieni," alisema, "tumelipia mandhari." Baadaye mizaha ikamwishia. Upepo ulikuwa unatoka ziwani. Nilijaribu kuvuta miguu, chuma kikashuka jino moja zaidi la kufuli lake, ambalo hukaza tu, halilegei. Nilipovuta pumzi kubwa niliona nafasi ya pumzi hiyo imekwisha kuchukuliwa. Walituteremsha kwa ngazi za pembeni, mmoja mmoja, giza likiwa limeingia, na wa mwisho nilikuwa mimi.

Ulipoisikia habari hiyo ulicheka, ukasema, "Treni haikumaliza njia, haihesabiki." Najua, ndiyo sheria ya chama: ukishuka kwa ngazi, hukupanda. Lakini kwangu, Baba, katika zote nilizopanda, ni hiyo peke yake iliyohesabika.

Tangu hapo ofisini napanda ngazi hadi ghorofa ya tisa, maana lifti siiwezi. Mkanda wa gari naufunga huku nimefumba macho. Shuka ikichomekwa miguuni naichomoa. Bustanini naenda na wenzangu kama kawaida, ila nasema kichwa kinaniuma, nawashikia kofia na miwani. Nimekuwa Mama. Wakishuka nawauliza safu ya ngapi, wananisimulia, nami nakuandikia wewe.

Tangu Pasaka nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na cha kuandika. Kisha nikaufikiria ule ukuta wa jiko, nikaona heri nikudanganye.

Binti yako,
Milka

Johnstown, 25 Agosti

Mwanangu Milka,

Marahaba, tena marahaba. Nilicheka, nami sikupaswa kucheka. Nisamehe.

Sasa nisikilize. Mimi pia chuma kimenishukia jino baada ya jino: kwanza gari, kisha ngazi, kisha chumvi, kisha mlango. Kila jino lilishushwa na mtu anayenipenda. Sitaki ufike umri wangu ndipo ujue kwamba hakuna atakayekuja kukuteremsha kwa ngazi za pembeni.

Nataka kumpanda Nyumbu siku yake ya mwisho.

Mkuu wa makao anasema naweza kutoka iwapo ndugu atakuja kunichukua na kukubali dhamana. Daktari nilimwuliza kuhusu moyo. Akavitazama viatu vyake, akasema unaweza kustahimili na unaweza usistahimili. Yeye hakatazi wala haruhusu, familia iamue. Anton akasema, "Mimi mambo yenu ya wendawazimu siyajui. Muulize Milka." Basi nakuuliza wewe.

Na lipo jambo la pili, ambalo nalo unalijua. Nyumbu hampandishi mtu mmoja mmoja. Kiti ni cha wawili na chuma ni kimoja kwa wote wawili, kwa hiyo asiye na mwenzake anarudishwa. Bila wewe sipandi, hata nikifika.

Lakini kikumbuke kile chuma kinavyofanya kazi. Kinashuka mpaka kinapokutana na aliye mnene, kinakomea hapo. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unalalamika kwamba tumbo langu linakuachia nafasi kubwa mno, unateleza huku na huku kama haragwe kwenye kopo. Nafasi hiyo ndiyo ninayokupa sasa. Chuma hakitakugusa wewe. Kitanigusa mimi.

Sitakuficha kwamba nimekonda. Mkanda wangu nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Nitavaa sweta mbili na lile koti la mazishi. Fedor amejitolea kuniazima mto wake niuweke tumboni. "Lakini ukifa nao huko juu," akasema, "waambie wanirudishie."

Nikamwambia, "Nikifa nao nitazikwa nao, nipate kulala bila mkoromo wako."

Sikulazimishi. Ukisema hapana, nitajua ni hapana ya mtu anayenipenda, nami nitaiweka pamoja na nyingine.

Baba yako

Erie, 11 Septemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na hakifikirifikiri sana. Mimi nimechoka, kwa sababu jana niliendesha gari hadi Glenmoor na kurudi bila kumwambia mtu.

Bustani ni tupu siku za kazi. Farasi wa bembea ya kuzunguka wameshafunikwa maturubai. Nilimkuta Bi Dolores Kuchta kwenye wenzo wa breki ya Nyumbu, yuleyule wa tangu utotoni mwangu, na ile glavu yake moja. Akanitazama.

"Wewe si mtoto wa mwalimu?"

"Ndiye mimi."

"Yule mnene?"

"Alikuwa mnene."

"Basi," akasema, "sote tulikuwa na vitu."

Nilimweleza yote, sijui kwa nini. Treni ilikuwa imesimama kituoni haina mtu. Akaniambia nikakae popote nitakapo. Nikaenda safu ya mwisho, kulia, mahali pangu, nikaacha nafasi yako kushoto. Ngozi ya kiti imepasuka palepale ilipokuwa imepasuka.

"Nishushe chuma?" akauliza.

"Usishushe."

"Sijashusha. Nimeuliza tu."

Nilikaa. Mikono niliiweka juu ya chuma kikiwa kimesimama wima, baridi. Sikuweza kukivuta, lakini pia sikuinuka. Akaja akaegemea behewa.

"Dada, nikuulize. Unaogopa chuma, au unamwogopea baba yako?"

Njia nzima kutoka Erie nilikuwa nimejiambia kwamba ni moyo wako. Nikikukatalia, kila mtu atasema binti ana busara: Anton atasema hivyo, daktari atashukuru, mkuu wa makao atanisifu. Hakuna atakayejua kwamba nimejificha nyuma ya moyo wako kama mtoto nyuma ya pazia. Nitajua mimi, na utajua wewe, maana wewe hukosi kujua. Nawe hutasema neno. Utatazama ukuta wa jiko.

Na nikikubali? Tuseme tunapanda, mnyororo unakwaruza, na katikati ya mlima kifua chako kinasimama kufikiri. Nitakuwa nimefungwa kando yako, chuma kimoja kwa sote wawili, wala siwezi kushuka kumwita mtu. Nililiwaza hilo pale kitini mpaka jasho likanitoka. Kisha nikawaza kwamba wewe umeliwaza kabla yangu, na bado umeniomba.

Watu wawili walikuja, bibi na mjukuu wake, wakataka kupanda. Nikainuka nikawapisha. Nilisimama chini pale Mama alipokuwa akisimama. Yule msichana akanipa miwani yake nimshikie, bila hata kuuliza, kana kwamba ndiyo kazi yangu hapo. Nyumbu akapanda akinuna. Waliposhuka msichana alikuwa mwekundu kama nyanya. Nilitaka kumwuliza safu ya ngapi, nikaliacha swali. Nikamrudishia miwani yake.

Bi Dolores anasema Jumapili ile foleni itakuwa ndefu, ila wazee watapitishwa kwa lango la pembeni. Sweta mbili hazitoshi, Baba. Tafuta ya tatu. Mto wa Fedor uache, utaruka kwenye kona ya kwanza na hatutasikia mwisho wake.

Usiusome ushauri huo kama jibu. Bado sijaamua. Jana usiku nilijaribu kulala shuka ikiwa imechomekwa miguuni. Nilifika nusu ya usiku.

Nikishaamua nitakuandikia, na barua itakufikia kabla ya Jumapili hiyo. Utakapoifungua usitafute salamu, hazitakuwepo. Tazama mstari wa kwanza. Kama ni ndiyo, utakuta namba ya safu.

Binti yako,
Milka